Barua kutoka Ughaibuni: Tuta Likikataa Kitunguu

Uozo mweupe ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ukoo mzima wa vitunguu: vitunguu maji, vitunguu saumu, liki na vitunguu vya majani. Huku Uingereza wenye bustani za chakula huuogopa kuliko magonjwa mengi, na mtu aliyekulia Singida, mkoa ambao kitunguu chekundu ni ada ya shule, bati la nyumba na fahari ya mkulima, huwa na sababu ya ziada ya kuuogopa. Hauna dawa. Kitunguu kilichougua hakiponi, na tuta lililougua halifai tena kwa vitunguu kwa muda ambao wataalamu huutaja kuwa miaka 15, pengine hata 20. Hili la pili ndilo zito. Mtu huzika mavuno ya msimu mmoja akidhani msiba umekwisha, kumbe ndio kwanza umeanza.

Bustani zenyewe ni vipande vya kukodi. Sheria ya mwaka 1908 iliziagiza halmashauri za Uingereza kuwatafutia wakazi ardhi ya kulima chakula cha nyumbani pale inapohitajika, na kipimo cha kawaida tangu enzi hizo ni kama mita za mraba 250, yaani sehemu ya kumi na sita ya ekari moja. Mkulima wa Iramba au Mkalama, kwetu Singida, akioneshwa kipande hicho atauliza kitalu kiko hapa, shamba liko wapi? Hata hivyo, katika miji mikubwa foleni ya kukipata huchukua miaka, na aliyekipata hakiachii hivihivi. Watu wa Afrika Mashariki hupanda humo mchicha, maboga ya kuchuma majani, mahindi mistari miwili mitatu, sukuma wiki na, bila kukosa, vitunguu.

Mbegu ya nyumbani haifanyi vizuri huku, na sababu yake ni jua. Kitunguu huanza kuvimba kikishapata mchana wa urefu fulani. Singida, kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, na aina kama Mang'ola Red na Red Creole zimezoea hali hiyo. London mwezi Juni mchana unazidi saa 16. Mbegu ya ikweta ikisiwa huku majira ya kuchipua huona mchana mrefu kabla haijapata majani ya kutosha, ikavimba haraka na kuishia kutoa vitunguu vya kutia aibu sokoni. Kwa hiyo hupandwa aina za huku, kama Red Baron, kutokana na vitunguu vidogo vinavyofukiwa Machi au Aprili na kuvunwa Agosti. Ni kitunguu chekundu, kinakaangika, kinatoa machozi. Anayekilima ameshakubali mbadala hata kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Ugonjwa hujitokeza katikati ya kiangazi. Ncha za majani ya nje hugeuka manjano, kisha jani zima hulala. Mtu wa nyanda kavu akiona manjano hufikiria kiu. Ndivyo alivyofundishwa na ardhi inayopata mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Basi huchota maji na kumwagilia jioni, na kesho yake tena, na hapo hupotea wiki nzima ambayo ingefaa kwa kazi nyingine. Kipimo cha kweli ni kukivuta. Kitunguu kizima hung'ang'ania udongo. Kilichougua huja mkononi bila ubishi, kwa kuwa mizizi imekwisha kuoza. Kwenye kitako hukutwa utando mweupe laini, na ndani yake vijipunje vyeusi vya mviringo, vidogo kuliko mbegu za mchicha, vimejipanga kwa mamia. Harufu ni ya kitunguu kilichosahaulika guniani.

Vijipunje hivyo ndivyo roho ya ugonjwa. Hulala udongoni bila kula chochote, bila kujali baridi ya Januari, mpaka mzizi wa kitunguu upite karibu. Mizizi ya jamii hii hutoa kemikali za salfa, zilezile zenye kukipa kitunguu harufu yake, na kijipunje kikizipata huamka, huchipua na kuvamia. Ukungu wake hupenda udongo wa baridi, kati ya nyuzi joto 10 na 20. Udongo ukivuka nyuzi 24, ukungu hudhoofu. Ndiyo maana majira ya Uingereza, yenye ubaridi unaoburura miguu hadi Juni, yanaufaa sana. Jambo moja la kutia moyo ni kwamba kijipunje huchipua mara moja tu. Kikiamka kisikute mmea wa kula, kimekufa.

Kutokana na ujuzi huo ilizaliwa mbinu ya kukihadaa. Maji ya kitunguu saumu hunyunyizwa kwenye tuta tupu wakati udongo una vuguvugu la wastani, vijipunje vidhani mwenyeji amefika. Katika mashamba makubwa kemikali ya namna hiyo imejaribiwa na ikapunguza sana vijipunje. Katika bustani ndogo matokeo hayatabiriki, na hata pale yanapokuwa mazuri huwa yamepunguza tu, hayajamaliza. Vichache vilivyobaki vinatosha kuurudisha ugonjwa kwenye safu iliyopandwa kwa pupa mwaka unaofuata.

Kazi inayobaki ni ya mikono. Vitunguu vilivyougua hung'olewa vyote pamoja na udongo ulioshikamana navyo, vikatiwa mfukoni na kupelekwa kwenye taka za halmashauri. Havitupwi kwenye lundo la mboji, maana joto la mboji ya nyumbani haliviui vijipunje. Jembe huoshwa, na viatu pia, nyayo kwa kijiti, kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwa udongo wa kubandika. Na hapa ndipo tabia za watu huonekana. Katika bustani za kukodi, jirani huazimana toroli na kupeana miche bila hesabu, na mwenye tuta lililougua huona haya kusema. Hunyamaza, huendelea kugawa miche ya liki, na baada ya misimu michache safu nzima ya majirani inaugua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huku humuumbua mbele ya kamati ya bustani, ambayo ina kumbukumbu ndefu kuliko kijipunje.

Kuhusu huzuni yenyewe, wengi huiona haina maana. Mwenyeji husema madukani vitunguu vimejaa. Ndugu wa nyumbani naye, akisikia kwenye simu kwamba mtu anasikitikia tuta la hatua nne, hucheka, kisha husimulia ya kwake: vithiripi vimekwangua majani, mvua ya mfululizo imeleta baka zambarau, na bei pale soko la Misuna imeshuka wiki ileile ya mavuno. Kuzilinganisha hasara hizi mbili ni kukosea. Huko Singida ugonjwa hula pesa ya mwaka, kisha kwa kawaida huacha ardhi itumike tena baada ya kubadilisha zao misimu michache. Huku haugusi pesa ya mtu yeyote, lakini hufunga udongo pengine kwa muda wote atakaokuwa na nguvu za kulima. Aliyeanza kulima akiwa na miaka 50 hupiga hesabu mwenyewe.

Waingereza wamezoea misiba ya namna hii, hasa ya miti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 magogo kutoka Amerika Kaskazini yaliingiza aina kali ya ugonjwa wa miti ya elmi, na zaidi ya miti milioni 25 ikafa nchini. Mji wa Brighton uliokoa maelfu kwa ukali: kila mti uliougua ulikatwa mapema, bila huruma. Katika bustani ya Preston ya mji huo ilisimama miwili mikongwe, inayokadiriwa kuwa na miaka 400; mwaka 2019 mmoja uliugua na ukaangushwa. Mwaka 2012 ikawa zamu ya miti ya eshi, baada ya ugonjwa wake, wenye asili ya Asia ya Mashariki, kugunduliwa kwenye miche iliyonunuliwa Uholanzi na kufikishwa kwenye kitalu kimoja huko Buckinghamshire. Mbegu za eshi zimekusanywa kutoka kila pembe ya nchi na kugandishwa katika benki ya mbegu ya Kew iliyoko Wakehurst, Sussex, zingojee siku itakapopatikana mizao inayostahimili. Ireland, jirani yao, haikupata nafasi ya kungoja: bakajani chelewa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja kwa njaa na kuwatawanya wengine kama hao ng'ambo. Ni ugonjwa uleule unaounguza viazi na nyanya katika nyanda za juu za Tanzania.

Afrika Mashariki ina simulizi yake, isiyofahamika vya kutosha hata na wenyewe. Batobato ya mihogo ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Tanganyika, mwaka 1894. Ukoma wa karanga nao ulielezwa hukohuko mwaka 1907. Kuanzia miaka ya 1930, katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake waliuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará, ili kupata mizao yenye ukinzani. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950 na zikawa chimbuko la mihogo mingi iliyoboreshwa barani. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ikalipuka Uganda. Katika Teso na jirani zake watu walikuwa na muhogo wao mpendwa, Ebwanateraka, na ugonjwa ukaufagia mashambani. Mbegu mpya zilizogawiwa miaka ya 1990, ikiwamo Nase 3, zilikuwa na damu ya Amani ndani yake. Zilirudisha chakula, hazikuwa Ebwanateraka.

Mkulima wa tuta moja Uingereza hujikuta katikati ya njia hizo mbili, ya kuhifadhi na ya kubadilisha, na mara nyingi hushawishika kufuata ya tatu, iliyo mbaya: kubeba kitunguu au mche kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo. Anayefanya hivyo hutaka kufidia alichopoteza. Lakini mimea na mbegu za kupanda kutoka Tanzania huhitaji cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wengi huuona uwanja wa ndege kuwa na roho mbaya unapotaifisha kifurushi cha mama. Historia ya eshi na elmi inaupa uwanja haki. Na safari ya kurudi ni ya hatari zaidi: viatu vya bustani yenye uozo mweupe havipaswi kusafiri likizo kwenda Singida, hata kama bado ni vipya na kaka mdogo ameviomba.

Tuta lenyewe halihitaji kubaki tupu. Ukungu huu haugusi kitu nje ya ukoo wa vitunguu, kwa hiyo mahindi, maharage, viazi, mchicha na maboga hustawi juu yake kana kwamba hapajatokea kitu. Sukuma wiki pia, mradi udongo usiwe na ule ugonjwa mwingine wa kuvimbisha mizizi ya jamii ya kabichi, ambao nao hukaa hadi miaka 20 na hupunguzwa kasi kwa chokaa. Wenye mpangilio huchora ramani ya kipande chao, wakatia alama tuta lililougua pamoja na mwaka, na kuibandika mlangoni mwa kibanda cha zana. Atakayekirithi kipande ataihitaji, maana udongo hautamwambia mpaka awe ameshapanda.

Vitunguu huhamia kwenye vyombo. Pipa la plastiki lililotobolewa chini, lenye kina cha sentimita 30 hivi, hujazwa udongo wa dukani, kamwe usiwe wa kutoka bustanini, na kuinuliwa juu ya matofali ili maji ya mvua yasirushe tope la ardhini ndani yake. Vitunguu vidogo hufukiwa ncha ikichungulia, kwa nafasi ya sentimita 10. Pipa hukauka upesi kuliko tuta, kwa hiyo humwagiliwa mara nyingi zaidi hadi Julai, kisha maji hukatwa majani yanapoanza kulala yenyewe. Pipa moja hutoa vitunguu vya kachumbari za wiki kadhaa.