Anayeinuka Bila ya Ugomvi

Shairi la fumbo halikamiliki linapotoka mkononi mwa mtunzi. Katika taarabu ya Unguja, hasa ile ya wanawake, hukamilishwa na hadhira. Mwimbaji hutaja ua, paka au chungu kinachovuja, mtu hamtaji. Kisha bibi mmoja huinuka, noti mkononi, akaenda kwa maringo hadi kwa mwimbaji, na ule ubeti aliouchagua kuutuza, pamoja na upande alikogeuza uso, ndio huwaambia waliokaa nani kasema na nani kasemwa. Tangu hapo ukumbi huwa mahakama isiyo na kadhi.

Tabia hii si ya juzi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba visa vya watu wa mtaani. Baadaye vikundi vya wanawake vikapimana nguvu kwa beti, na mipasho ya miaka ya 1990 ikalipunguzia fumbo stara iliyosalia.

Katika mahakama hiyo yumo mtu asiyetiwa sana maanani, naye ni yule anayetuza kwa kuwa sauti imempendeza, basi. Hana hasimu. Wenye ugomvi humwona mharibifu, kwani huwapotezea watu njia: hushukiwa yeye, au jirani asiye na kosa aliyeketi upande alioelekea.

Katika miaka ya 1980 Dimitry Davidoff alibuni mjini Moscow mchezo wa Mafia, ambamo wachache hujificha miongoni mwa wengi na wengi huwasaka kwa maneno na kura. Wachezaji wa baadaye waliongeza nafasi ya ajabu, ya chale ambaye ushindi wake ni kutolewa kwa kudhaniwa adui. Wapenzi wa mchezo hubishana kama anafaa, maana hana upande. Lakini akiwamo, kila mwenye kunyoosha kidole husita kwanza.

Mtuzaji asiye na ugomvi naye hufaa kwa namna hiyo, ila hapa hasara ni nzito zaidi. Chale hutolewa, mchezo ukaanza upya. Mwanamke aliyeshukiwa katika harusi ya Ng'ambo au Mji Mkongwe hurudi nyumbani na shaka ile, akaikuta asubuhi kwa majirani, pengine na kwa mumewe. Tena watuzaji wa namna hii wakizidi, fumbo huishiwa makali, na hapo walalamikao wana haki.

Hata hivyo, anayemfaa zaidi si mtunzi wala mwimbaji, bali yule aliyeimbwa. Pasingekuwa na watu wanaotuza kwa kupenda sauti tu, kukaa kwake kitini kungekuwa kukiri, na kuinuka kwake kungekuwa kutangaza vita. Kwa kuwa wapo, anayo njia ya tatu. Ubeti unaomchoma unapofika, hujitengeneza kanga, akainuka kwa mwendo wa taratibu, akamtuza mwimbaji huku anatabasamu, na waliokuwa wakimtazama wakaanza kutazamana wao kwa wao.