Mwalimu wa Kwaya Aliyeondoka

Mwaka 2019, wiki chache kabla ya Pasaka, mama yetu alihitaji upasuaji wa mtoto wa jicho. Mshahara wangu wa uchungaji ulikuwa umechelewa kwa mwezi wa pili, jambo ambalo wachungaji wenzangu wa Singida hawatalishangaa, hasa mwaka ambao mvua inakatika mapema na alizeti inabaki fupi shambani. Nilikuwa ofisini baada ya ibada, navua joho, simu ikalia. Fedha zilikuwa zimeingia kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Nairobi. Zilitosha upasuaji, dawa na nauli ya mama na wa kumsindikiza. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Kaka, hizo ni za wanafunzi wangu wa piano. Msalimie mama."

Laiti zingekuwa fedha za duka au za udereva, ningemshukuru Mungu nikaenda kula. Lakini miaka sita kabla ya siku ile nilikuwa nimemwambia huyu huyu, mbele ya baraza la wazee, kwamba muziki wa Mungu hauuzwi.

Nieleze ilivyokuwa. Nilipotoka Makumira na kuhudumu mahali pengine kwanza, nilipangiwa usharika wa Iramba usio mbali na nyumbani kwetu. Nilimkuta mdogo wangu akifundisha kwaya pale. Alikuwa ameifundisha miaka tisa. Wengi mnawafahamu watu wa aina hii. Alikuwa hajawahi kukaa darasa la muziki, lakini aliandika sauti zote nne kwa solfa upesi kuliko mimi ninavyoandika mahubiri. Mama mwenye sauti nzito alimhamishia sauti ya pili bila kumwaibisha. Vijana wa besi waliotoka kupalilia wamechoka aliwaamsha kwa mzaha mmoja tu. Jumatano na Jumamosi jioni alikuwa kanisani, na Jumapili alifika kabla ya mwinjilisti.

Tulimpa nini? Soda siku ya tamasha, nauli ya kwenda mashindano ya kwaya ya jimbo, na makofi. Alikuwa na bustani ya vitunguu, na mwaka vitunguu viliposhuka bei, akiwa na mke na mtoto mchanga, alileta ombi. Aliomba shilingi 60,000 kwa mwezi. Mzee mmoja alisema tukimlipa mwalimu, kesho wanakwaya nao watadai. Mwingine alikuwa tayari kutafuta njia. Mimi ndiye niliyefunga mjadala. Nilisema kuimba ni huduma, si ajira, na Mungu hasahau. Maneno mazuri. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesaini kupokea mshahara wangu wa kuhubiri, na hakuna aliyeniuliza kama kuhubiri si huduma.

Hakubishana. Baada ya mavuno alipanda basi la Arusha, akavuka Namanga.

Nairobi alilala kwa kijana wa kwetu huko Kayole, chumba kimoja, watu watatu. Alidhani ataingia kanisa lolote aseme, "Mimi ni mwalimu wa kwaya," na mlango ufunguke. Wazazi waliokuwa tayari kulipa walitaka piano, na walitaka kitabu chenye mistari mitano. Solfa yake hawakuihesabu. Walitaka mwalimu anayeweza kuwaandaa watoto kwa mitihani ya ABRSM inayotoka London, yenye madaraja manane, ambayo wakati huo mtahiniwa wa piano kwa kawaida hakupanda daraja la sita kabla hajafaulu nadharia ya la tano. Basi akiwa na miaka 31, mtu aliyefundisha watu wazima 40 kuimba sauti nne pasipo kinanda, akakaa chumba cha mtihani na penseli na ufutio, amezungukwa na watoto wa miaka kumi. Mama mmoja pale nje alimuuliza, "Unamsubiri mtoto wako?" Akajibu, "Ndiyo, yuko ndani." Kisha akaingia.

Mazoezi alifanyia kwenye piano ya kanisa moja, saa kumi na moja alfajiri, kwa makubaliano kwamba atawapigia ibada ya kwanza. Mchana alikuwa mwanafunzi wa mtu mwingine, jioni mwalimu wa wengine, matatu moja hadi nyingine, Kilimani, Lavington, kisha kurudi Kayole usiku. Analipwa kwa kipindi. Mtoto akipata mafua, hakuna kipindi, na hakuna fedha. Shule zikifungwa Agosti, familia nyingi husafiri. "Kaka, Agosti nakula ugali kwa solfa," aliniambia, nami nikacheka kwenye simu, halafu nikakosa usingizi. Kibali cha kazi kilikula akiba ya karibu mwaka mzima. Mke na mtoto walimfuata baada ya miaka mitatu, siyo mapema zaidi.

Niliwahi kumuuliza kama imani yake haipoi huko, kwa kuwa anafundisha kwa fedha. Lilikuwa swali la kichungaji, na sasa naona lilikuwa pia swali la kujitetea. Akafikiri kidogo. Akasema anayelipa humuuliza kila mwezi mtoto amejifunza nini, hivyo hawezi kwenda bila kujiandaa. "Kule nyumbani, kaka, miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimefundisha nini."

Baada ya mama kutolewa bandeji na kunitazama usoni akasema nimezeeka, nilirudi kwenye Biblia nikiwa na jambo moja moyoni. Nehemia sura ya 13 nilikuwa nimeihubiri mara nyingi, lakini kila mara nilikimbilia habari za Sabato. Safari hii nilisimama kwenye mstari wa 10. Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, basi kila mmoja akakimbilia shambani kwake. Nehemia hakuwafuata waimbaji kuwaambia kwamba hawana wito. Aliwagombeza wakubwa, akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao, na watu wakaanza tena kuleta zaka za nafaka, divai na mafuta ghalani. Nilikaa na mstari ule jioni nzima. Mkubwa wa kugombezwa nilikuwa mimi.

Na sisi Walutheri hatuna pa kujificha katika jambo hili. Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi Eisenach, aliimba mlango kwa mlango ili apate mkate. Johann Sebastian Bach aliajiriwa Leipzig mwaka 1723 kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas na kusimamia muziki wa makanisa, akafanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1750. Sehemu ya pato lake ilikuwa ada za mazishi, na katika barua ya mwaka 1730 alilalamika kwamba hewa ikiwa nzuri watu hawafi na yeye anapungukiwa! Mtu aliyeandika muziki ule wa mateso ya Bwana alihesabu maiti ili alishe watoto. Nilipolisoma hilo nilimpenda zaidi.

Mfano wa karibu zaidi ni Howard Olson. Alizaliwa Minnesota mwaka 1922, akaja Tanganyika mwaka 1946, akakaa na Wanyaturu hapa hapa Singida na kuisoma lugha yao, lugha ambayo ukikosea kupandisha au kushusha sauti umesema jambo jingine. Baadaye alifundisha Makumira hadi mwaka 1988. Mimi sikumkuta, ila nilikuta kazi yake: nyimbo za Kiafrika alizokusanya pamoja na wanafunzi wake katika kitabu *Tumshangilie Mungu*. "Mfurahini, Haleluya" ya Mchungaji Bernard Kyamanywa, yenye sauti ya Kihaya, ilivuka bahari kwa tafsiri yake ya Kiingereza. Naye alikuwa mgeni ugenini, mtu mzima aliyeanza kujifunza kama mtoto. Lakini kanisa lililomtuma lilihakikisha anakula. Sijasikia aliyesema kwamba matunzo yake yalizichafua nyimbo zile.

Nilipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee mwaka uliofuata. Nilianza kwa kusema nilikosea, na nikataja tarehe ya kikao kile. Kimya kilikuwa kirefu. Yule mzee wa hofu ya madai ya wanakwaya alikuwa bado yupo, akarudia hoja yake ile ile, na kusema kweli si hoja ya kijinga, kwa sababu mfuko wetu ni mdogo. Tukakubaliana kidogo: kiasi kila mwezi, si kikubwa, pamoja na gunia moja la alizeti wakati wa mavuno kutoka shamba la usharika. Anayepokea ni binti aliyefundishwa na mdogo wangu tangu Sunday school. Miezi miwili tumeshindwa kumlipa. Ilitangazwa kanisani wazi, kama deni.

Krismasi iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani. Jumamosi jioni aliketi benchi la nyuma, akiwa na mwanawe, akimsikiliza yule binti akirekebisha tena iliyokuwa inashuka. Sikuweza kujizuia. Nikamfuata nikamnong'oneza aende mbele awaongoze angalau wimbo mmoja.

"Mchungaji," akasema, bila kunitazama, "kipindi ni shilingi ngapi?"

Alikuwa anatania. Mwanawe alicheka. Mimi nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta noti ya elfu kumi, nikaiweka juu ya kitabu chake cha nyimbo. Akaitazama kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akainuka kwenda mbele.