Vuta Choki Usikilize

Mteja alikuja Jumamosi asubuhi. Akalizunguka gari mara mbili, akapigapiga milango kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu akaniambia niwashe. Peugeot 504 ya baba ilishika mara ya tatu, ikakohoa, ikanguruma kama inataka kutulia, kisha ikaanza vituko vyake: tu-tu-tu, kimya, tu-tu, kimya. Boneti lilikuwa linacheza. Mteja akatabasamu. "Hii inamisi, kaka," akasema. Bei aliyoitaja baada ya hapo siiandiki, maana mjukuu humsomea baba kila ninachoandika.

Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa 504 ni nini. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikatangazwa gari la mwaka la Ulaya, lakini huku kwetu cheti chake ni Safari Rally: 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 tena, safari hiyo ile ya milango miwili yenye injini ya V6, ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Baba alikuwa dereva wa shamba la mkonge nje ya Tanga. Walipouza magari yao ya zamani, akanunua ile aliyokuwa akiiendesha mwenyewe. Gia kwenye usukani, choki ya kuvuta kwa mkono, platini, kabureta. Hakuna kompyuta ya kukwambia kosa liko wapi. Lazima usikilize, na baba siku hizi hasikii vizuri.

Lakini si hilo lililomtenga na gari. Tulimtenga sisi.

Mwaka jana, pale Chumbageni, aliigonga bajaji iliyosimama. Si kwa kasi; taa moja ilivunjika, dereva wa bajaji akalipwa, hakuna aliyeumia. Baba aliporudi nyumbani alisema neno moja tu, akalirudia siku nzima: breki ilikuwa ngumu. "Nimekanyaga, ngumu kama jiwe. Haishuki." Tulitazamana, mimi na dada yangu aliyekuja kutoka Dar kwa ajili ya kikao. Mzee ana miaka sabini na sita. Mguu wa kulia una ganzi tangu kifua kilipomsumbua. Nani asingejua breki imekuwa ngumu kwa sababu gani? Tulisema kwa adabu, tukazunguka sana, tukataja wajukuu. Mwishoni mimi ndiye niliyenyoosha mkono, naye akaniwekea funguo kiganjani bila kunitazama. Gari likafunikwa turubai chini ya mkungu. Miezi minane. Hatukulizungumza tena.

Basi nilipoamua kuliuza nilijua namuuzia kitu asichotaka kukiuza, na pengine ndiyo maana nilitaka jambo liishe haraka. Mteja alipoondoka nikampigia fundi wa Ngamiani.

Fundi alikuja na kijana wake na mkoba wa spana. Alisikiliza kama nusu dakika, akasema plagi. Tukanunua plagi nne. Ikaendelea kumisi. Akasema platini na kondensa. Tukabadilisha, akapima nafasi ya platini kwa fila, akazungusha distribyuta kidogo kushoto, kidogo kulia. Bado. Akasema kabureta imejaa uchafu, jambo ambalo kwa gari lililolala miezi minane lilikuwa na mantiki yake; akaifungua juu ya gunia, akapuliza vitundu, akairudisha. Ilipokataa, akafungua skrubu ya mchanganyiko ili petroli iingie zaidi. Hapo ikatulia kidogo, lakini moshi mweusi ukaanza kutoka na harufu ya petroli ikafika hadi jikoni. "Imekaa sawa sasa, bosi," akasema. Nilikuwa nimeshatumia karibu laki tatu.

Simlaumu sana. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiitikia kila alichosema. Wasomaji wa Mohamed Said Abdulla wanamkumbuka Najum, rafiki yake Bwana Msa. Mimi nilikuwa Najum aliye na pochi mkononi.

Baba alikuwa barazani muda wote huo, na redio yake. Siku ya tatu alisimama, akaja taratibu na fimbo, akapita katikati yetu kama vile hatupo. Akaweka kiganja kwenye madigadi. Akakaa hivyo. Sikuelewa mwanzoni, nilidhani anaegemea. Kumbe alikuwa anasikiliza kwa mkono.

"Irudisheni ile skrubu," akasema. Fundi akanitazama. Nikamwambia airudishe. Injini ikarudia kumisi kama mwanzo.

"Chomoa waya za plagi, mmoja mmoja."

Fundi akafanya hivyo, kitambaa mkononi. Wa kwanza, injini ikazidi kudorora. Akaurudisha. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu. Wa nne. Kila silinda ilikuwa inafanya kazi, kila moja ikilalamika ikinyimwa moto. "Hakuna iliyokufa," baba akasema. "Mnatafuta maiti hapa, hakuna maiti."

Kisha akaniambia mimi, "Ingia ndani. Vuta choki usikilize."

"Baba, injini imeshapata moto, choki ya nini?"

"Vuta."

Nikavuta, nusu. Na ile injini iliyokuwa ikitikisa nyumba ikatulia. Kabisa. Mungurumo mmoja, mzito, ule niliokuwa nikiusikia utotoni akirudi jioni, nikajua ameshapita kona ya msikiti. Nikarudisha choki, ikaanza kukohoa. Nikavuta, ikatulia.

Choki hubana hewa inayoingia kwenye kabureta, petroli ikavutwa zaidi. Kama injini ya moto inafurahia choki, maana yake inakula hewa nyingi kuliko petroli, na kama kabureta imeshasafishwa, basi hewa hiyo inaingia kwa mlango mwingine. Ukikanyaga mafuta inaonekana nzima, kwa sababu hewa halali imekuwa nyingi mno kiasi kwamba ile ya wizi haihesabiki. Kwenye silensa, gari likiwa limesimama, ndipo mwizi anapoonekana. Haya nimeyaeleza vizuri sasa, wakati ule baba aliyaeleza kwa maneno matatu: "Inavuta hewa nje."

Wakaanza kutafuta. Gaskiti ya kabureta, nzima. Gaskiti ya manifoldi, nzima. Baba akanyoosha fimbo yake, akagusa mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda nyuma, kwenye busta ya breki. Fundi akaubana kwa koleo. Injini ikatulia, bila choki.

Tuliuchomoa. Kwa juu ulikuwa mzuri tu. Upande wa chini, karibu na klipu, pasipoonekana mpaka uukunje, palikuwa na ufa mrefu kama kidole, kingo zake zimekauka na kuwa kijivu. Haukuwa ufa wa jana.

Nadhani fundi alielewa kabla yangu, kwa sababu aliacha kuzungumza. Busta haina nguvu yake yenyewe. Inaazima mvuto wa injini kupitia mpira ule, na mvuto huo ndio unaomsaidia dereva kukanyaga. Mpira ukipasuka, injini inamisi. Na breki inakuwa ngumu. Ngumu kama jiwe.

Nilibaki nimeushika. Nilitaka kusema kitu na nikaona kila sentensi niliyonayo ni ya kujitetea: kwamba hata hivyo macho yake si yale ya zamani, kwamba dada ndiye aliyeitisha kikao, kwamba mguu kweli una ganzi. Yote ni kweli. Lakini alituambia breki ni ngumu, dereva wa miaka arobaini, na katika watoto wake wote hakuna aliyeinama kuikanyaga breki ile hata mara moja. Hiyo ingechukua dakika moja.

"Nisamehe baba," nikasema. Sijui kama alisikia. Alikuwa anamwagiza kijana wa fundi urefu wa mpira mpya, na kwamba usiwe wa maji, uwe wa kuhimili mvuto, la sivyo utajikunja.

Mpira mpya ulifungwa jioni. Baba akaketi kwenye usukani. Injini ikiwa imezimwa akakanyaga breki mara nne, tano, mpaka ikagoma. Akaishikilia hapohapo, akawasha. Niliona goti lake likishuka kidogo.

"Imeshuka," akasema.

Mteja amepiga simu mara mbili, sijapokea. Juzi baba aliendesha hadi msikitini na kurudi, mwendo wa mtu anayepeleka mayai, mimi nikiwa kiti cha pembeni na mguu wangu ukikanyaga breki isiyokuwepo. Nimemwomba akapime macho, amekubali, ila anataka kujiendesha mwenyewe hadi hospitali. Dada yangu bado hatujamwambia.