Atatibu Lini?

Binti yangu ni daktari, naye ataka kusomea doktora, achunguze jinsi ugonjwa unavyouharibu mwili. Jamaa wanauliza: atatibu lini?

Mimi namkumbuka Profesa Muyembe. Aliipata doktora yake Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, akarudi nyumbani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misheni, Ebola ingali haina jina. Mwaka 1995, huko Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Baadaye, katika damu ya mmoja aliyepona, ilipatikana kingamwili inayozuia virusi kuingia katika seli. Mwaka 2020 ikaidhinishwa kuwa dawa.

Basi nawajibu jamaa: atatibu hata wale asiowaona. Tumpe muda.