Ujira wa Ulimi

Kazi ya kusifu bidhaa ya mtu mwingine kwa ujira si kazi mpya duniani. Zamani mnadi alisimama sokoni akapaza sauti, na wapita njia wakageuka kumsikiliza; leo mnadi huketi chumbani mwake mbele ya simu, na wanaomsikia hawahesabiki. Chombo kimebadilika, lakini kinachouzwa ni kile kile. Mnadi wa kale na mnadi wa leo hukodisha kitu kimoja, nacho ni imani ya watu juu ya neno lake. Mimi niliifahamu kweli hii baada ya kuikodisha imani hiyo vibaya. Habari zake ndizo nitakazozieleza hapa, kwa kuwa najua ya kwamba vijana wengi watakaosoma ukurasa huu wanaitamani kazi niifanyayo.

Nilimaliza kidato cha nne mjini Mombasa mwishoni mwa mwaka 2018. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na mama alitulea kwa mahamri na mbaazi alizouza kila alfajiri karibu na kivuko cha Likoni. Alama zangu hazikuwa mbaya, lakini karo ya chuo haikuwapo, na ndugu yangu mdogo alikuwa bado shuleni. Mali yangu yote ilikuwa simu moja iliyopasuka kioo. Siku moja, kwa kujifurahisha tu, niliiegemeza simu ile juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikapiga video ya mikono ya mama ikikanda unga, ikitia iliki na tui, ikikata pembe tatu na kuzitosa katika mafuta hata zikafura. Niliipeleka video hiyo mtandaoni. Kesho yake watu wawili wasiotujua walifika kwenye meza ya mama, wakayaulizia mahamri waliyoyaona katika simu. Mama alicheka. Mimi sikucheka, nilifikiri. Nilijiambia kuwa kama video iliweza kuuza mahamri, haikosi itaweza kuuza na kitu kingine.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa kazi ya mtayarishaji wa maudhui ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa watu wenye wafuasi wengi. Kampuni huwalipa ili bidhaa zitajwe mbele ya wafuasi hao. Mlango wa pili ni wa watu ambao kampuni huwalipa kutengeneza video na picha tu, kisha kampuni yenyewe ikazitangaza katika kurasa zake. Mlango huu wa pili haumwulizi mtu ana wafuasi wangapi. Humwuliza anaweza kufanya nini. Mimi niliyekuwa na wafuasi wasiotimia mia tatu niliuendea huo wa pili.

Lakini nani atampa kazi mtu asiyekuwa na kazi ya kuonyesha? Niliona afadhali nijitume mwenyewe kabla ya kutumwa. Nilichukua vitu vilivyokuwa nyumbani, yaani sabuni ya kufulia, majani ya chai na jiko la makaa, nikavipigia video tatu kana kwamba wenyewe wameniagiza. Taa sikuwa nayo, nikatumia nuru ya asubuhi karibu na dirisha. Chumba kilitoa mwangwi, nikatundika kanga mbili ukutani na sauti ikatulia. Niliona pia kuwa mtazamaji hukata shauri la kukaa au kupita katika sekunde chache za mwanzo. Kwa hiyo niliacha salamu ndefu, nikaanza na jambo lenyewe: doa katika kanzu nyeupe, au birika linalotokota.

Video hizo nilizipeleka, pamoja na barua fupi, kwa wenye maduka ishirini. Kumi na saba hawakujibu. Wawili walikataa kwa adabu. Mmoja, muuza unga, alikubali, akanilipa bunda moja la unga wa ngano. Nilikwenda nalo nyumbani kwa furaha kubwa. Mama alilipokea akashukuru, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, unga huu nitaukanda, lakini karo ya ndugu yako haikandwi." Neno lile halikuwa la kunivunja moyo. Lilinifunza ya kuwa zawadi ni zawadi, na ujira ni ujira, na mtu anayetaka kazi yake iheshimiwe hana budi kuitajia bei.

Fedha yangu ya kwanza ilitoka kwa muuza makubadhi. Alinipa shilingi 3,000 kwa video tatu, nami nilizifanya kwa siku nne, nikionyesha ngozi inavyokatwa, inavyoshonwa na inavyopambwa. Fedha ilipoingia katika simu niliisoma ile taarifa mara nyingi kama mtu asomaye barua ya mpenzi. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka miwili nilikuwa na wateja sita wadogo, na wafuasi wangu walikuwa wametimia elfu tisa. Ndipo mlango wa kwanza nao uliponifungukia.

Mwaka 2021 kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, iliniandikia. Ilitaka nisifu krimu ya kung'arisha uso, na ujira wake ulikuwa shilingi 40,000 kwa video moja. Kiasi hicho sikuwa nimepata kukishika kwa mara moja maishani mwangu, na wiki ile ile ndugu yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la karo. Kopo la krimu lilinifikia siku ya Jumatatu. Juu yake hapakuandikwa kilichomo ndani. Maneno ya kusema niliyaletewa yameandikwa tayari, na neno la kwanza lilikuwa kwamba nimeitumia krimu hiyo mwezi mzima. Siku ya Jumanne nilikaa karibu na dirisha langu, nikatabasamu, nikasema kuwa nimeitumia mwezi mzima. Uso wangu ulikuwa laini kwa kuumbwa hivyo na kwa nuru ya asubuhi. Krimu haikuwa imeugusa. Mkataba nao ulikuwa na kurasa tano. Nilisoma mstari mmoja tu, ule uliotaja fedha, nikatia sahihi.

Nilijipa sababu, kama afanyavyo kila mkosaji. Nilisema kuwa kila mtu hufanya hivi. Nilisema kuwa watazamaji wana akili zao. Nilisema kuwa karo haingoji. Kati ya sababu hizo tatu, ya mwisho peke yake ilikuwa kweli, na kweli moja haiwezi kuufunika uongo.

Yapata wiki tano baadaye, jioni, mtoto wa jirani yetu alibisha hodi. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mpole, aliyezoea kununua mahamri kwa mama akienda shuleni. Alikuwa amejifunika mtandio hata usoni. Alipouondoa niliona mashavu yake yamekuwa mekundu, yamechubuka, na ngozi inabanduka karibu na macho. Hakuja kunilaumu, wala hakuja kudai fedha. Aliniuliza kwa heshima, "Dada, wewe ulipoanza kuipaka, nawe ilikuwasha hivi?"

Nimepata kuulizwa maswali mengi katika maisha yangu, lakini hilo ndilo zito kupita yote. Yule msichana alikuwa anangoja nimwambie kuwa muwasho ni wa siku chache, avumilie. Alikuwa ameweka akiba ya nauli zake za basi kununua kopo lile, akaenda shuleni kwa miguu, kwa sababu ya neno langu. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Kisha nilimwambia, "Mdogo wangu, mimi sikuipaka hata siku moja." Hakulia. Alinitazama tu, akarudisha mtandio wake mahali pake.

Kesho yake nilikwenda pamoja naye na mama yake zahanati, nikalipa gharama zote. Daktari alimwamuru aache krimu ile mara moja. Alinieleza pia jambo ambalo ningelijua mapema kama ningalitaka kujua: kwamba baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimepata kukutwa na zebaki, nayo zebaki hudhuru ngozi na figo. Nilisoma zaidi nikaona kuwa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa na mataifa mwaka 2013, umeweka vipodozi vyenye zebaki katika orodha ya vitu vya kukomeshwa. Kama krimu ile ilikuwa na zebaki au haikuwa nayo, siwezi kusema. Ninaloweza kusema ni kuwa sikuuliza, na kutouliza kwangu ndilo kosa langu.

Niliiandikia kampuni nikiiomba iiondoe video. Nilijibiwa kwa mstari mmoja nisome ukurasa wa nne wa mkataba. Niliusoma kwa mara ya kwanza. Ulisema kuwa kampuni itaitumia sura yangu na sauti yangu bila kikomo cha muda. Niliifuta video katika ukurasa wangu, nikapiga nyingine kueleza kweli yote. Lakini katika kurasa zao niliendelea kutabasamu na kusema uongo wangu kwa muda wa miezi mingi, usiku na mchana, hata nilipokuwa nimelala. Mama hakunigombeza. Alisema, "Mimi nikiuza hamri bichi, mteja hunirudishia asubuhi ile ile. Wewe umewauzia watu wasiojua njia ya kurudi."

Uso wa yule msichana ulipona baada ya miezi, ijapokuwa alama ndogo zilibaki. Mimi nusura niiache kazi. Sikuiacha, bali nilibadili njia ya kuifanya, na njia hiyo ndiyo nitakayokuachia wewe unayetaka kuanza.

Anza na ulicho nacho. Simu, dirisha na kanga ukutani zatosha. Tengeneza mifano michache mizuri kabla ya kuomba kazi, na taja bei yako bila kuona haya. Usikubali kazi isiyokuwa na mkataba wa maandishi, nawe usitie sahihi kabla ya kuusoma mpaka mwisho: utafanya video ngapi, utazirekebisha mara ngapi, utalipwa lini, na picha yako itatumika kwa muda gani. Mimi sasa hudai nusu ya malipo kabla ya kuanza, na hutoa ruhusa ya miezi sita. Weka hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 katika mapato ya maudhui ya mtandaoni kwa wakazi wa Kenya, nayo hukatwa na yule anayelipa. Basi iingize katika bei yako tangu mwanzo. Na unapolipwa kusifu kitu, sema wazi kuwa umelipwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yataka pawe na sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya adabu. Lakini sheria haikai chumbani mwako asubuhi unapowasha simu. Hapo uko peke yako na ulimi wako.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hakina budi kutembezwa, kwa maana soko limekuwa kubwa mno. Hapana aibu katika kazi hiyo. Aibu ni kukitembeza usichokijua. Tangu mwaka ule nimekataa kazi saba. Nyingine zilikuwa na fedha kuliko ile ya krimu, na miezi mingine nimerudi kumsaidia mama kukanda unga kwa kukosa kazi. Kabla ya kukubali neno lolote la mteja, huitumia bidhaa yake mwenyewe, kisha hujiuliza swali moja. Sijiulizi wangapi watatazama. Hujiuliza kama nitaweza kufungua mlango jioni, mmoja wao akiwa amesimama nje, nikamjibu atakaloniuliza.