Kamba Dunia Nzima

Baba yangu alitoka Buha akaja Tanga kama manamba. Alikata mkonge kwa kipande: mshahara ulitoka kadi ikijaa alama za siku thelathini, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Mimi mkonge ule ule niliuuza Ulaya nimevaa suti. Mzee hakuona ajabu. Aliniuliza tu kama huko kuna mtu wa kuhakiki alama zangu.

Walikuwepo. Niliingia ofisi ya mauzo baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967. Miaka michache kabla, mwaka 1964, nchi nzima ilikuwa imezalisha takriban tani 230,000, na jina la Tanga lilinifungulia milango London, Rotterdam na Antwerp. Lakini mlangoni ndipo jina lilipoishia. Antwerp kulikuwa na mnunuzi mmoja mtu mzima ambaye hakusikiliza maneno ya muuzaji. Alifungua sampuli, akazichana singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa vidole, akazinyanyua dirishani kutafuta ukijani. Ukijani maana yake korona, mashine ya kutoa singa kwenye jani, haikuosha vizuri, na singa hiyo inashushwa daraja. Kisha alivuta singa moja hadi ikatike, akaisikiliza inavyokatika. Bei niliyobeba kutoka ofisini ilianza kujadiliwa hapo, kabla ya hapo ilikuwa karatasi.

Kilichotuumiza nilikiona kwenye meza hizo hizo. Pembeni ya sampuli yangu alikuwa ameweka kamba ya plastiki, nyepesi, haiozi, inatengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mteja wetu mkubwa alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani anayefunga marobota ya majani ya mifugo, na mkulima yule hakuwa na undugu na mkonge. Mafuta yalipopanda bei mwishoni mwa 1973, plastiki nayo ikapanda, na mwaka uliofuata mkonge ukagombaniwa. Teleksi zililia usiku kucha. Waliokuwa wakinikalisha mapokezini wakaja kunisubiri hotelini. Neema ile haikudumu, na fedha zake hazikurudi shambani kupanda upya. Mkonge hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo usipopanda leo, pengo utaliona baadaye kabisa. Wanaosema utaifishaji peke yake ndio ulioua mkonge wanasema nusu ya habari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa chini ya tani 30,000.

Nyumbani safari zangu zilikuwa na hesabu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na kila nilipoaga, majirani walileta oda: sabuni, dawa ya meno, tairi la baiskeli. Tairi! Posho ya safari niliila kwa mkate na chai ili begi lirudi limejaa. Ilipofika 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, mke wangu aliamuru sabuni zigawiwe mtaa mzima usiku huo huo, asije mtu akazihesabu kama ghala. Maamuzi ya namna hiyo aliyafanya yeye. Ada, homa za watoto, fundi wa bati, posa ya binti yetu wa kwanza: mimi nilipewa taarifa, na mara nyingi taarifa yenyewe ilikuwa fupi kuliko teleksi. Alikuwa na cherehani mbili na kibanda cha vitambaa karibu na soko la Ngamiani. Nyumba tunayoishi ilipandishwa kuta kwa kibanda hicho, maana mafao yangu yalikawia mno.

Safari zangu za mwisho zilielekea Jeddah, ambako singa huchanganywa na jasi kutengenezea dari. Huko nilifurahi. Nilionyeshwa dari ya msikiti mpya, nikajua kuna Tanga humo ndani.

Watoto wanapenda nisimulie habari za Antwerp wageni wakija. Mama yao huniacha nimalize, halafu huwaonyesha wageni uani: kamba tunayoanikia nguo ni ya plastiki, aliinunua mwenyewe, na anasema ile ya mume wake ilichafua mashuka.