Zakopane, mji wa mbao chini ya milima

Msomaji, kama wewe humkumbuki Papa Yohane Paulo wa Pili, basi wazazi wako wanamkumbuka. Alizuru Kenya mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995. Kabla hajawa Papa, padri huyo wa Poland alipenda sana kupanda milima ya Tatra, iliyo kusini kabisa mwa nchi yake. Chini ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Zakopane, kilomita 100 hivi kutoka Kraków. Leo twende huko tukatazame nyumba.

Ukishuka kwenye garimoshi, usikawie katika barabara ya Krupówki. Hiyo ni ya maduka, mikahawa na mabango, na kelele zake ni za soko lolote. Shika barabara ya Kościeliska, iliyo kongwe kuliko zote mjini. Hapo utaona nyumba za magogo ya msonobari yaliyopasuliwa katikati, yakalazwa moja juu ya jingine. Kwenye pembe, fundi ameyachonga yakashikana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari. Nyufa zimezibwa kwa nyuzi za mbao zilizosokotwa kama kamba. Paa nalo limeinama sana ili theluji iteleze.

Ndani mlikuwa na vyumba viwili, kimoja kila upande wa ukumbi mwembamba. Chumba cheusi ndicho kilichokuwa na meko. Humo familia ilipika, ikala na kulala, na moshi ukazitia kuta weusi. Chumba cheupe kiliwekewa wageni na sikukuu. (Hata kwetu ziko sebule ambazo watoto hawazikanyagi mpaka mgeni aje!) Chini ya dari hupita boriti nene, ambayo fundi aliichonga mwaka wa ujenzi na nakshi ya ua ndani ya duara.

Ufundi huu nusura upotee. Daktari mmoja wa Warsaw, Tytus Chałubiński, aliisifu hewa ya Zakopane kuwa dawa ya kifua, na matajiri wakaanza kumiminika. Wakajijengea nyumba za kuiga Uswisi. Mchoraji Stanisław Witkiewicz, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1886, hakuweza kuvumilia. Mbona kuazima kwa jirani, ilhali wenyeji wa milimani, waitwao Górale, wana ufundi wao?

Basi akamchorea Zygmunt Gnatowski nyumba kubwa iliyofuata nyumba za wenyeji, ikiwa na nakshi zao. Ilijengwa kati ya mwaka 1892 na 1893, ikaitwa Koliba, yaani kibanda cha wachungaji. Siku hizi ni makumbusho, nawe waweza kuingia. Wapo wanaonung'unika kwamba mtindo huo ni wa mabwana wa mjini. Ni kweli, hakuna mchungaji aliyewahi kulala katika kibanda cha aina hiyo! Lakini walioshika shoka na patasi walikuwa mafundi wa Kigórale, na kazi ikabaki mikononi mwao. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko jina la mtindo.

Usikose kulitazama kanisa dogo la mbao la mwaka 1847, papo hapo Kościeliska. Kando yake kuna makaburi ya zamani, mengi yakiwa na alama za mbao zilizochongwa. Hapo amelazwa Witkiewicz, na hapo pia amelazwa Sabała, mwindaji, mpiga fidla na bingwa wa hadithi aliyefariki mwaka 1894.

Fidla hizo bado zinalia. Jioni utawakuta vijana wamevaa suruali nyeupe za sufu zilizotariziwa rangi mapajani, wakicheza ngoma ya majambazi huku wamechuchumaa na kuruka, shoka ndogo mkononi. Jambazi wanayemwimba ni Janosik, aliyenyongwa mwaka 1713. Wanasema aliwanyang'anya matajiri akawagawia maskini.

Kabla ya kuondoka, nunua oscypek, jibini ya maziwa ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Tangu mwaka 2008 jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, na jibini halisi hutengenezwa kuanzia Mei hadi Septemba, kondoo wakiwa malishoni. Muuzaji akikuapia katikati ya baridi ya Februari kwamba yake imetengenezwa jana, mwulize kondoo wamelishwa wapi.